Mnara wa Bagamoyo na Majina Yasiyoandikwa

Kila mwaka huwachukua wanafunzi wangu wa mwaka wa pili kwenda Bagamoyo. Safari si ndefu, ni kilomita sabini hivi kaskazini ya Dar es Salaam, na ratiba yetu haibadiliki sana. Asubuhi tunaanzia kwenye magofu ya Kaole, adhuhuri tunazunguka mji mkongwe na boma la Wajerumani, na alasiri tunamalizia kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoko mwisho wa mji upande wa kaskazini. Tunapita chini ya miembe mikongwe, tunatazama makaburi ya wamisionari, tunaingia katika jumba la makumbusho na katika kanisa kubwa la mwaka 1914. Mwisho kabisa tunasimama mbele ya mnara wa mawe uliosalia wa kanisa la kwanza, ambao karibu kila mtu huuita Mnara wa Livingstone.

Mwaka mmoja mwanafunzi aliyekuwa kimya tangu asubuhi aliniuliza, "Mwalimu, huyu Livingstone ndiye aliyeujenga?" Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwamba sivyo, kwamba ni maiti yake tu iliyopitishwa hapo mwezi Februari 1874. Akaniuliza tena, "Basi aliyeujenga anaitwa nani?" Safari hii hakuna aliyecheka, na mimi niliyesomesha historia ya pwani kwa miaka mingi sikuwa na jibu ila kusema "watu wa misheni".

Makala haya ni jaribio la kumjibu mwanafunzi yule vizuri zaidi. Hoja yangu ni kwamba kanisa la Bagamoyo, la kale na la sasa, limesimuliwa kwa muda mrefu kama historia ya waliopita pale: wamisionari, wapelelezi, magavana. Ukiyatazama mawe yenyewe unakutana na historia ya watu wengine, waliokaa pale, waliofanya kazi pale na kuzikwa pale, na ambao uhuru wao haukuwa kamili hata siku walipoitwa huru. Namna tunavyolitunza jengo hili leo itaonyesha kama tumewatambua watu hao au bado.

Kwa nini Bagamoyo

Wakatoliki hawakuanzia Bagamoyo. Mwezi Desemba 1860 mapadre kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Padre Armand Fava, walifika Unguja na kuanzisha huduma ya wagonjwa, karakana na makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1863 kazi hiyo ilishikwa na Shirika la Roho Mtakatifu, na Padre Antoine Horner, mzaliwa wa Alsace, akawa kiongozi wake. Miaka mitano baadaye, Machi 1868, kwa ruhusa ya Sultani Majid bin Said, Horner na mwenzake Padre Étienne Baur walifungua misheni upande wa bara, Bagamoyo. Walihitaji ardhi ya kulima ili kuwalisha watoto wao, na walihitaji mlango wa kuingilia bara.

Mlango huo Bagamoyo ilikuwa nao. Hapo ndipo ilipoishia njia kuu ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Kila msimu maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliteremka na pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na waya. Ni muhimu kulisema hili wazi, kwa sababu simulizi tunayowapa watalii huifanya Bagamoyo kuwa mji wa minyororo peke yake. Watumwa walipita Bagamoyo, na watumwa waliishi na kufanya kazi Bagamoyo. Hilo halina ubishi. Lakini bandari kuu ya kusafirishia watumwa kwenda Unguja ilikuwa Kilwa. Uhai wa Bagamoyo ulikuwa pembe na mabega ya wapagazi, ambao wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Hata jina la mji lina tafsiri mbili zinazoshindana: moja ya mpagazi anayebwaga moyo wake kwa raha baada ya miezi ya safari, nyingine ya mtumwa anayeuacha moyo wake bara kabla ya kupakiwa chomboni. Tafsiri ya pili ndiyo inayopendwa na waongoza watalii. Ya kwanza inapatana zaidi na kazi ambayo mji uliifanya kila siku.

Basi watoto wa misheni walitoka wapi, ikiwa Bagamoyo haikuwa soko kuu? Wengi waliletwa kutoka Unguja. Miaka ya mwanzo misheni iliwanunua sokoni kwa fedha zilizochangwa Ulaya, hasa na Shirika la Utoto Mtakatifu, lililowahimiza watoto wa Kikatoliki kutoa sadaka kwa ajili ya wenzao wa mbali. Wengine walikabidhiwa kwa mapadre na ubalozi wa Uingereza baada ya manowari kukamata majahazi. Kwa asili walikuwa watoto wa bara na wa kusini, waliotekwa au kuuzwa wakiwa wadogo sana, wengi wasioweza tena kutaja njia ya kwao. Hao ndio waliovushwa bahari tena, safari hii kutoka Unguja kurudi bara, wakashushwa Bagamoyo na kupewa majembe, patasi na katekisimu.

Ramani ya Ulaya, mwili wa pwani

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na pwani inayoikabili. Misheni ya Bagamoyo, iliyokuwa na umri wa miaka minne tu, iliharibiwa vibaya. Kanisa la mawe ambalo mnara wake tunauona leo ni la mwaka huohuo wa maafa. Watu waliokuwa wametoka kupoteza paa za nyumba zao ndio walioanza kuinua kuta.

Ukiitazama sura ya kanisa utasema ni jengo la Ulaya. Lina mnara, lina ukumbi mrefu unaoelekea altareni, lina matao. Lakini sogea karibu uutazame ukuta palipobanduka lipu. Jiwe lenyewe ni tumbawe, jiwe la bahari, lenye vitundu na vipande vya kombe ndani yake. Kilichoyashikamanisha mawe ni chokaa ya pwani. Utaratibu wake waashi wetu wanaujua hadi leo. Magogo hupangwa kwa duara, vipande vya tumbawe hurundikwa juu, moto huwashwa na kuachwa uwake mpaka mawe yageuke meupe na kupasuka. Kisha hunyunyiziwa maji, yakafumuka kuwa unga, na unga huo huachwa ukomae kabla ya kuchanganywa na mchanga.

Ujuzi huo haukuletwa na meli kutoka Marseille. Umbali wa kilomita tano kusini ya mji, pale Kaole, unasimama msikiti uliojengwa katika karne ya 13 kwa jiwe lilelile na chokaa ileile. Mapadre walikuja na mchoro, lakini jengo lilipata mwili kutokana na elimu ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wameihifadhi kwa zaidi ya miaka mia sita. Nawaambia wanafunzi wangu, hasa wale wanaofika wakidhani kwamba pwani ina historia mbili zisizogusana, ya Waislamu upande mmoja na ya Wakristo upande wa pili: gusa ukuta wa Kaole asubuhi, gusa ukuta wa misheni alasiri, kisha uniambie tofauti.

Kuna jambo moja ambalo waashi wa kanisa ilibidi walitafutie ufumbuzi mpya. Nyumba ya mawe ya pwani hutegemea boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki umbali mkubwa, kwa kawaida chini kidogo ya mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za kale ni vyembamba na virefu, na ndiyo maana misikiti ya zamani ina safu za nguzo katikati. Kanisa linataka ukumbi mpana ambao waumini wote wataiona altare. Ili kuupata, inabidi kuacha dari bapa la boriti na kushika kenchi za mbao zinazobeba paa la mteremko. Ukilinganisha kanisa na nyumba ya mapadre iliyo jirani, jengo la ghorofa lenye varanda za matao za kuzuia jua na kuruhusu upepo, unaona namna mafundi wa misheni walivyokuwa wakijifunza. Wakachukua cha pwani palipowezekana na cha nje palipolazimu.

Mafundi hao walikuwa nani? Mabruda wa shirika walisimamia karakana za useremala, uashi na uhunzi, na wanafunzi wa karakana walikuwa vijana waliokombolewa. Misheni nzima iliendeshwa kwa kazi yao, shambani, jikoni, kwenye matanuri na juu ya kuta.

Uhuru wenye kengele

Hapa ndipo historia inapokuwa ngumu, nami sitaki kuilainisha.

Kando ya kanisa kilianzishwa kijiji cha Kikristo ambacho kinajulikana hadi leo kama kijiji cha uhuru. Vijana walipofikia umri wa kuoa na kuolewa walifungishwa ndoa, wakapewa nyumba na kipande cha shamba. Kwa mtu aliyeuzwa mara mbili au tatu kabla ya kufikisha miaka kumi, kuwa na mlango wake mwenyewe, mwenzi asiyeweza kuuzwa na watoto watakaobaki kuwa wake lilikuwa jambo kubwa. Anayelibeza hajafikiri sana kuhusu utumwa.

Lakini kijiji hicho kiliishi kwa kengele. Kengele iliwaamsha, iliwapeleka misani, iliwapeleka kazini, iliwarudisha. Sehemu ya siku za juma zilikuwa za kufanya kazi ya misheni. Ndoa zilipangwa kwa uangalizi wa mapadre, na adhabu zilikuwepo kwa waliokiuka kanuni. Mwanahistoria Paul Kollman, ambaye ni padre mwenyewe, alichapisha mwaka 2005 utafiti mrefu kuhusu mwanzo wa Ukatoliki miongoni mwa watumwa wa Afrika Mashariki. Ameonyesha kwa kutumia nyaraka za wamisionari wenyewe kwamba baadhi ya waliokombolewa walilalamika, waligoma na walitoroka. Walivuka kwenda mjini, ambako kijana mwenye ufundi angeweza kupata ujira, au waliandamana na misafara ya bara.

Nafikiri kutoroka huko ni ushahidi muhimu kuliko hotuba nyingi. Mtu anayetoroka utumwa anajulikana anakimbia nini. Mtu anayetoroka kijiji cha uhuru anatuambia kwamba ameelewa maana ya neno hilo kuliko aliyempa. Wapo pia walioamua kubaki, na kubaki kwao nako kulikuwa uamuzi. Waliijua hatari ya nje, wakaupima ulinzi na gharama yake. Mwanahistoria hana haki ya kuwaita wa kwanza mashujaa na wa pili vibaraka.

Wengine walitumwa mbali zaidi. Misheni zilipofunguliwa bara, Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, Morogoro mwaka 1882, mapadre hawakwenda peke yao. Walifuatana na wanandoa vijana waliolelewa Bagamoyo, ambao walifyeka, walijenga, walilima na kuwafundisha watoto wa wenyeji sala na kusoma. Hata kahawa iliyokuja kubadili maisha ya Kilimanjaro ilifuata njia hiyo. Miche yenye asili ya Réunion ilipandwa kwenye bustani za misheni ya pwani kabla ya kupelekwa Kilema. Tunapofundisha kwamba Ukristo na kahawa vililetwa na wazungu, tunawafuta kwa sentensi moja watu waliobeba vyote viwili.

Waliombeba Livingstone

Sasa nirudi kwenye jina la mnara.

David Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, kisha wakaubeba kuelekea pwani. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa kwenye shule ya watumwa waliokombolewa kule Nasik, India, aliisoma ibada ya maziko. Chuma mwenyewe alikuwa ameokolewa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861, akiwa bado mtoto.

Walitembea kwa miezi tisa. Walipofika Unyanyembe walikutana na Luteni Cameron wa Uingereza, aliyewashauri wamzike palepale. Wakakataa. Ni vizuri kukaa kidogo na jambo hilo. Watu ambao ofisa wa Kizungu aliwaona kuwa watumishi walilisikiliza pendekezo lake, wakalikataa, wakaendelea na safari. Tarehe 24 Februari 1874 waliufikisha mwili Bagamoyo, ukapokewa na misheni na kuwekwa kanisani. Kaimu balozi wa Uingereza akaja na manowari ya Vulture, akauchukua mwili kwenda Unguja, akawalipa wapagazi ujira wao na kuwaachia palepale pwani. Wainwright alisafiri na jeneza hadi Uingereza. Susi na Chuma hawakupewa nafasi. Livingstone alipozikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, viongozi wawili wa safari ile hawakuwepo. Waliitwa Uingereza baadaye, kwa fedha za rafiki wa marehemu.

Kwa hiyo mnara umepewa jina la mtu aliyelazwa hapo kwa muda mfupi sana, tena akiwa maiti. Waliomfikisha hawakupewa mnara, na waliojenga mnara hawakupewa hata kibao. Simlaumu Livingstone, ambaye alipigana na biashara ya watumwa kwa kalamu yake na hakuomba mnara Bagamoyo. Swali langu linatuhusu sisi. Tumekuwa taifa huru tangu mwaka 1961, na bado tunapomwelekeza mgeni tunatumia jina lilelile bila kujiuliza.

Kimbilio, kisha kanisa la pili

Septemba 1888 pwani iliwaka moto. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imekodi pwani kutoka kwa Sultani na kuanza kutoza ushuru na kushusha bendera za watu. Abushiri bin Salim aliongoza upinzani kutoka Pangani, na Bwana Heri alisimama Saadani, ng'ambo ya mto Wami kaskazini ya Bagamoyo. Manowari za Kijerumani ziliupiga mji wa Bagamoyo mizinga, nyumba zikaungua, na maelfu ya watu wakakimbilia misheni. Abushiri aliiheshimu misheni na hakuishambulia. Kwa miezi kadhaa Waislamu wa mji, wapagazi wa bara na Wakristo wa kijiji cha uhuru walilala kwenye uwanja mmoja, chini ya mnara mmoja. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Miaka miwili baadaye Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam, na Bagamoyo ikaanza kulala.

Ilikuwa katika usingizi huo kwamba kanisa la pili lilijengwa, kati ya mwaka 1910 na 1914. Ni jengo kubwa kuliko hali ya mji wa wakati ule, la mawe ya matumbawe, lenye mnara wa mraba unaoonekana kabla hujafika getini. Dar es Salaam ilikuwa tayari na kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897, kanisa la mji mkuu mpya. Nalitazama lile la Bagamoyo kama mji uliopoteza bandari, ukapoteza makao ya serikali, ukajenga kitu ambacho hakingeweza kuhamishwa. Lilikamilika mwaka ule ule Vita Kuu ilipoanza. Mwezi Agosti 1916 Waingereza wakauteka mji.

Kuna tarehe moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aiweke kando ya hizo. Wajerumani hawakuufuta utumwa Tanganyika. Waliuwekea masharti, wakatangaza mwaka 1904 kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru, wakaacha wazazi wao kama walivyo. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Maana yake ni kwamba siku kanisa la pili lilipokamilika, mtu angeweza kutoka misani, akatembea hadi mjini, na kukutana na mwenzake ambaye kwa mujibu wa sheria ya nchi bado alikuwa mali ya mtu.

Sheria, saruji na majina

Nimalizie kwa mambo matatu yanayowahusu wasomaji wangu walioko serikalini, na wale wanaojiandaa kuingia huko.

La kwanza ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kilichojengwa baada ya hapo hutegemea tangazo la serikali, isipokuwa vitu vichache kama milango ya nakshi, ambayo mwisho wake uliwekwa mwaka 1940. Misheni ya Bagamoyo ilifunguliwa mwaka 1868. Kwa tofauti ya miaka mitano, historia yote niliyoieleza hapa inaangukia nje ya ulinzi wa moja kwa moja na kubaki mikononi mwa kalamu ya waziri. Mwaka uliochaguliwa miaka sitini iliyopita hauna budi kutazamwa upya, kwa sababu sehemu kubwa ya majengo yanayosimulia mwisho wa utumwa nchini ni ya baada yake. Tangu mwaka 2006 njia ya biashara ya watumwa na pembe, ambayo Bagamoyo ni sehemu yake, imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa UNESCO. Hatuwezi kuiomba dunia itambue kile ambacho sheria yetu wenyewe inasita kukitambua.

La pili ni saruji. Ukuta wa tumbawe na chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukiupaka lipu ya saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani, na jiwe huoza polepole nyuma ya uso unaopendeza. Kila mahali pwani nimeona ukarabati wa namna hii ukifanywa kwa nia njema, kwa sababu saruji ni rahisi kupatikana na fundi wa chokaa ni adimu. Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kufundisha uchomaji na ukomazaji wa chokaa kama somo la kawaida. Karakana za misheni zilifanya hivyo miaka mia moja na hamsini iliyopita, na wanafunzi wake walikuwa watoto wasio na kwao.

La tatu ni majina, nalo ndilo gumu zaidi. Majina ya waliojenga hayajapotea yote. Mapadre waliandika vitabu vya ubatizo na ndoa, na waliandika shajara ya misheni siku hata siku. Nilikuwa nikisema kwa ujasiri kwamba majina hayo yachapishwe, yachongwe kwenye jiwe, yawekwe chini ya mnara. Kisha mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa pwani, alinifuata baada ya kipindi akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, bibi yangu hataki jina lile lionekane." Sikumuuliza zaidi. Nilielewa kwamba kile ninachokiona mimi kuwa heshima, kwa familia yake kilikuwa kidonda. Kwenye pwani yetu, kumwambia mtu kwamba babu yake alikuwa mtumwa bado ni tusi linaloweza kuvunja posa.

Tangu siku hiyo sidai tena jiwe lenye orodha. Nadai kwanza vitabu vile vitunzwe vizuri na vinakiliwe kabla unyevu haujavila, na kwamba wenye ukoo waulizwe kabla ya wasomi. Nadai kibao cha Kiswahili kwenye mnara ambacho hakitahitaji jina la mtu yeyote, kitakachosema tu kwamba kanisa hili lilijengwa mwaka 1872 na vijana waliotolewa utumwani, kwa jiwe na ujuzi wa pwani hii. Hilo halimvunjii mtu heshima. Atakayetaka kuongeza chini yake jina la bibi yake, aachiwe nafasi.

Mwaka huu tutakwenda tena Bagamoyo. Ratiba haijabadilika ila kwa jambo moja: tutafika kwenye mnara tukiwa bado na nguvu za kusikiliza, si mwisho wa siku watu wakishatazama saa. Nitawaomba wanafunzi wautazame ukuta kabla sijasema neno, wanieleze wameona nini. Kisha nitawasimulia habari za vijana wa mwaka 1872, na baada yao habari za Susi na Chuma. Livingstone atafuata, kwa kuwa naye alipita hapo.